Mzee Tano wa Mtoni: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kupima Viuno

Mtoto wangu Sandra, wa mwaka mmoja na nusu, sasa hivi ameivuta futi ya fundi kutoka mezani, akajizungushia tumboni, kisha akasimama wima akingoja aambiwe nambari. Hakuna aliyemfundisha. Ameona tu vile Mzee Elijah Kabiru Kang'ethe huwafanyia watu wazima hapa kliniki, siku baada ya siku, na akaonelea kwamba hivyo ndivyo watu husalimiana.

Mzee Kabiru anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Ametumika katika maabara ya Kliniki ya Mtoni miaka thelathini na mitatu: kumi na mitano katika tawi la Bungoma, na kumi na minane hapa Kitale. Nimeombwa niandike habari za kazi yake kwa sababu mimi ndiye hushika faili, na wakubwa walisema faili ndizo zinamjua zaidi. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo Kiswahili kikiteleza mahali, msomaji anivumilie.

Alizaliwa Kiminini mwaka wa 1965, katika familia iliyotoka Murang'a ikaja huku kulima. Alipomaliza masomo ya maabara alipelekwa Bungoma mwaka wa 1992. Tawi lilikuwa na chumba kimoja, darubini moja, na stima hakuna. Darubini za wakati huo zilikuwa na kioo kidogo chini cha kushika mwanga, kwa hivyo bila jua hakuna kazi. Asubuhi meza ya Mzee Kabiru ilikaa kwa dirisha la mashariki. Saa sita ilitolewa nje. Saa tisa ilikuwa imezunguka jengo lote na kufika upande wa choo. Mgonjwa akiuliza daktari wa damu yuko wapi, aliambiwa atazame jua liko wapi. Wenyeji walimwita Alizeti, na wako wazee wa Bungoma ambao hadi leo hawajui jina lake lingine.

Siku hizo kazi ilikuwa malaria, homa ya matumbo na minyoo. Mtu alikuja amekonda, akatibiwa, akanenepa, akashukuru. Lakini yeye anasema kuanzia karibu mwaka wa 2005 aliona kitu kingine. Watu walianza kuja wakiwa wamenenepa tayari na bado wamechoka. Damu yao ilikaa kwenye chupa dakika chache tu na juu ikafanya utando mweupe kama wa maziwa. Hayo ni mafuta. Aliandika kwa daftari lake bila kuambiwa na mtu, akauliza madaktari, akasoma kwa muda usiopungua mwaka mzima, na akarudi na vidole vitano.

Vidole hivyo kila mtu Kitale anavijua. Kidole gumba ni kiuno. Cha pili ni presha. Cha tatu ni sukari ya asubuhi kabla hujala. Cha nne ni mafuta mabaya yanayotembea kwa damu, na cha mwisho ni mafuta mazuri, ambayo yenyewe hutakiwi uwe nayo kidogo. Ukiwa na shida kwa kimoja, anakunja kidole hicho. Akikunja vitatu, hata kama huumwi popote, anakuandikia ukapigwe picha ya ini. Anaeleza hivi: mwili ukijaa akiba na hauna pa kuiweka, huiweka kwa ini. Ini haliumi. Linakaa na huo mzigo miaka kumi, miaka kumi na mitano, kisha linaanza kuwa gumu kama kiatu kilichonyeshewa na kuanikwa, na hapo ndipo mtu anakuja akiwa amechelewa. Ukilijua mapema, linaweza kujisafisha, kwa sababu ini lina heshima kuliko viungo vingine, linasahau makosa. Vidole hivyo ndivyo vilimpa jina la pili, Mzee Tano.

Kiuno alikuwa na namna yake ya kukipima. Futi alikuwa nayo, na kwa mwanamume ikipita sentimita tisini na nne kidole gumba kinakunjwa. Lakini kabla ya futi aliomba mshipi. Mwanamume anavua mshipi, Mzee Kabiru anaunyoosha mezani chini ya taa, anausoma. Tundu lililochakaa ni la zamani. Lile lenye alama mpya ya kifungo ni la sasa. Kama kuna tundu lililotobolewa kwa msumari, analigusa na kuuliza mwaka gani. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi alikuwa na mshipi wenye matundu mawili ya msumari, na Mzee Kabiru alimweleza kwa mpango ni lini alinunua pikipiki akaacha kutembea, na ni lini alihamia nyumba yenye kiti cha sofa. Yule mfanyabiashara alikubali yote. Habari zilipoenea, wanaume wakaanza kuja kliniki wakiwa wamefunga suruali kwa kamba ya katani, ati mshipi umekatika. Mwezi mmoja wa mwaka wa 2016 faili zinahesabu kamba tisa. Yeye alipima kamba pia.

Mwaka wa 2019 kliniki ilianza kwenda kwa watu badala ya kungoja waje, na safari ya kwanza ilikuwa Myanga, upande wa Bungoma, katika boma la senge yangu Nanyama, dada ya baba. Watu arobaini waliambiwa wafike bila kula. Walifika. Damu ikatolewa, na sukari za watu thelathini na mmoja zikawa juu. Wenzake walitaka kuandika ripoti kwamba Myanga nzima inaugua. Mzee Kabiru alikataa kutia sahihi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akakuta sufuria kubwa jikoni, tupu, na vikombe arobaini vimeoshwa.

Senge hakuona kosa lolote. Watu wametembea kutoka mbali, umande umewalowesha hadi magotini, wamefika kwake, na yeye awaache wakae hivyo hivyo wakichomwa sindano? Aliwapa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba amekula. Chai kwetu ni namna ya kusema karibu, haihesabiwi. Mzee Kabiru hakubishana naye. Alirudi wiki mbili baadaye na akampa kiti cha heshima mwishoni mwa foleni, thermosi zote miguuni pake, na sheria moja: anayetaka chai aonyeshe kwanza pamba ya sindano kwenye mkono. Senge aliisimamia hiyo sheria kuliko askari. Siku hiyo waliokuwa na sukari ya kweli walikuwa saba. Mimi ndiye nilikuwa namsaidia kumimina, na kwa kuwa nilimnyima chai mjomba wangu mwenyewe mpaka alipotoa damu, Mzee Kabiru alisema msichana kama huyo anaweza kushika faili. Ndivyo niliajiriwa. Mpango wa thermosi unatumika hadi leo katika safari zetu zote.

Mengine nayataja kwa ufupi kwa sababu ukurasa hautoshi. Amefundisha vijana kumi na mmoja kazi ya maabara, na wa mwisho ni Jepkoech, ambaye anachukua meza yake. Hajawahi kuchanganya chupa ya mtu na ya mwingine. Ameomba likizo ya ugonjwa mara mbili tu. Hajui kuimba na hujiunga na kwaya ya wafanyakazi kila Krismasi.

Jambo ambalo siwezi kuliruka ni la kule Kwanza, kituo kidogo nje ya Kitale, Machi mwaka jana, na lazima liandikwe vile lilivyokuwa kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa tumeweka meza katika uwanja wa kanisa moja huko. Wakati huo kadi zetu zilikuwa na rangi: kijani, manjano na nyekundu. Nyekundu maana yake ni vidole vitatu au zaidi, uende Kitale upigwe picha ya ini. Kazi yangu ilikuwa kuita majina. Watu walikuwa wengi, mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba na nilitaka tumalize. Nilianza kuita jina, rangi na mahali pa kwenda, yote kwa pamoja na kwa sauti ya juu. Nikaita: Kipyegon, nyekundu, ini.

Mzee Kipyegon ni mkulima wa mahindi pale Kwanza, mtu wa miaka hamsini na miwili, ambaye hajawahi kuonja pombe. Jumapili iliyokuwa inakuja alikuwa asimikwe mzee wa kanisa. Sasa, kwetu huku, ini likitajwa, watu wanafikiria kitu kimoja tu. Mgonjwa wa ini ni mlevi, kwisha. Watu waligeuka kumtazama. Halafu mwanamume mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti ya chini, lakini tukasikia wote, "Kumbe mzee ana mrija wake mahali." Mrija ni ule wa kunywea busaa, pombe ya kienyeji. Watu walicheka. Mzee Kipyegon alikuja akachukua kadi, akaikunja mara nne, akaenda zake kwa miguu. Kusimikwa kwake kukaahirishwa, ikasemwa ni kwa sababu ya mvua. Mvua haikunyesha.

Mzee Kabiru hakunigombeza. Alikusanya kadi zote za rangi jioni hiyo na hazikuonekana tena. Siku hizi kadi ni nyeupe, zina nambari tu, na mtu huambiwa habari zake ndani, mlango ukiwa umefungwa. Lakini alisema hilo ni la kesho, halimsaidii yule wa jana.

Wiki mbili baadaye alikwenda Kwanza, akamwomba mchungaji dakika tano za matangazo. Nilikuwa nimeketi benchi ya nyuma. Alisimama mbele ya kanisa zima na koti lake la Jumapili, akavua mshipi wake, akaushika juu kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono wa pili. Akina mama walianza kucheka kabla hajasema kitu. Aliwaonyesha tundu la mwaka aliooa na tundu la siku hiyo. Akakunja vidole vyake mwenyewe kimoja kimoja, vikawa vinne. Akatoa picha ya ini lake kwenye bahasha. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika vile nilivyoyasikia:

"Mimi pombe niliionja mara moja, mwaka wa themanini na sita, nikatapika kwa viatu vya mjomba. Ini langu limejaa mafuta. Sikuyanywa kwa mrija. Niliyanywa kwa kikombe cha chai chenye vijiko vinne, nikayala kwa chapati, nikiwa nimeketi. Nyinyi mnajua mnaketi namna gani."

Hakutaja jina la mtu yeyote. Hakukuwa na haja. Mwezi huo watu kumi na tisa kutoka Kwanza walikuja kupimwa, na kumi na wanne kati yao hawakuwa wanywaji. Mnamo Agosti Mzee Kipyegon alisimikwa.

Mzee Kabiru mwenyewe alifuata masharti yake. Mkewe, Mama Wacera, alihamisha chapati kutoka kila siku hadi Jumapili, na chai ikabaki na kijiko nusu, jambo ambalo yeye aliliita dhuluma kwa muda wa miezi mitatu. Kila alfajiri anazunguka mpaka wa shamba lake Kiminini mara nne kwa kasi. Alikuwa kilo tisini na nne, sasa ni themanini na tano. Kiuno kilitoka mia moja na saba hadi tisini na sita. Picha ya mwaka huu inaonyesha mafuta yamepungua sana. Kidole gumba bado anakikunja, lakini kwa huruma.

Mzee Kipyegon hakuja. Faili lake lina ukurasa mmoja. Vidole vinne vimekunjwa, kipimo cha ini kwenye damu kiko juu mara mbili ya kinavyotakiwa, na picha hakuna. Mzee Kabiru amempigia simu kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tangu wakati huo. Wanaongea juu ya mvua, mbolea na watoto. Akifika kwa ini, jibu ni lile lile: jina lake limeshatakaswa, kwa nini alipeleke tena likachafuke? Kwa daftari la ufuatiliaji, jina hilo limekaa mstari wa kwanza miezi ishirini. Wiki jana, wakati wa kukabidhi vitu, Mzee Kabiru alikabidhi darubini, friji, funguo na futi. Daftari alilishikilia kidogo. Alisema kama Kipyegon hajaja kwake yeye, mzee mwenzake, hatakuja kwa msichana wa miaka ishirini na minne, hata awe hodari namna gani, na Jepkoech mwenyewe alikubali hivyo. Baada ya Ijumaa, alisema, tutakuwa tunangoja ini liongee, na ini likiongea huwa ni neno la mwisho.

Jumamosi iliyopita nilimfunga Sandra mgongoni nikaenda Kwanza. Sikumwambia Mzee Kabiru. Nilimkuta Mzee Kipyegon akigeuza mahindi kwenye turubai kwa miguu, vile hufanywa ili yakauke sawasawa. Nilimwambia kwamba kosa la siku ile lilikuwa langu, si la Mzee Kabiru wala la kliniki, na kwamba sikuwahi kuja kusema pole. Aliendelea kugeuza mahindi mpaka mwisho wa turubai, kisha akarudi.

"Wewe mama, una sauti kubwa," akasema. Kisha: "Kabiru alivua mshipi kwa sababu yangu. Mimi si mtoto, nilijua. Lakini yeye akivua, watu wanasema daktari anafundisha. Mimi nikivua, watasema nimekiri."

Nilimweleza habari za kadi nyeupe na mlango unaofungwa. Akauliza nani atakuwa ndani ya huo mlango. Nikasema mpaka Ijumaa ni Mzee Kabiru, na baada ya Ijumaa ni Jepkoech. Mkewe, Mama Jepkorir, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe changu cha chai. Akasema bila kumtazama, "Siku hizi anafunga mshipi chini ya tumbo. Anafikiri sioni." Mzee Kipyegon akamwambia mgeni hakuja kusikiliza habari za nguo. Nilikunywa chai, na ilikuwa tamu kweli kweli, tukaongea juu ya mahindi kama yameshika ukavu, nikaondoka. Hakuahidi kitu, na mimi sikuomba ahadi.

Basi hayo ndiyo maisha ya kazi ya Mzee Kabiru jinsi faili zinavyoyajua. Sherehe ni Ijumaa saa nane, hapa uwanjani, na kila mtu anakaribishwa. Kutakuwa na ugali, mboga za kienyeji na kuku, na chai itakuwepo, sukari kando.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote ya kututazama kwa makini kuliko tulivyojitazama. Asante kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kuambiwa ukweli wa mwili wake na akabaki na heshima yake. Uende Kiminini salama, shamba likuzalie, wajukuu wakuchoshe, na afya uliyoitafutia wengine ikae kwako mpaka uzeeke ukiwa bado unatembea. Sisi tunaobaki tutaendelea na vidole vitano, na kuhusu lile daftari, tunakuahidi kwamba hata mstari wa kwanza

Samahani, nimeitwa. Kemboi wa getini anagonga dirisha, anasema kuna mzee wa Kwanza amesimama kwa mlango wa maabara tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amekataa chai ya askari, hataki jina lake liitwe, na anauliza kama Mzee Tano ameshafika au